Mwenzi Si Hakimu

Kinyozi hajinyoi, na mwalimu, ingawa husikia sauti yake mchana kutwa, hawezi kujiona anavyofundisha. Ndiyo sababu mwalimu mwanafunzi aliwekwa chini ya macho ya mkaguzi. Macho hayo yalikuwa na manufaa, lakini yalikuwa na kitisho pia, maana aliyetazama ndiye aliyetoa alama.

Katika mwaka 1963 jaribio la namna nyingine lilianza katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kwa juhudi ya Dwight Allen na wenziwe. Mwalimu mwanafunzi hakupewa darasa zima wala kipindi kizima. Alipewa watoto wachache, dakika tano hivi, na ustadi mmoja tu wa kuzoea, kama vile kuuliza maswali. Somo lilinaswa katika mkanda wa picha, likazungumzwa, kisha likafundishwa tena mbele ya watoto wengine. Njia hiyo ilienea duniani, na vyuo vya Afrika Mashariki navyo viliipokea. Hata hivyo, aliyeongoza mazungumzo yale mafupi alikuwa msimamizi.

Hatua ya pili ilitokea katika mwaka 1980. Watafiti wawili wa Marekani, Bruce Joyce na Beverly Showers, walitoa hoja kwamba nadharia, mifano na mazoezi ya semina havitoshi. Mwalimu arudipo darasani huhitaji mtu wa kumnoa katika kazi yenyewe. Katika miaka iliyofuata waliwaweka walimu pamoja ili wanoane, kila mmoja akimtazama mwenzake na kuzungumza naye baada ya somo. Msimamizi aliondoka, na mwenzi akashika mahali pake.

Lakini mwenzi alirithi kiti pamoja na kalamu. Walimu walipotakiwa kuambiana lililo jema na lililo baya, walijikuta wakikaguana, na ushirikiano ukavunjika. Katika mwaka 1996 watafiti walewale walieleza kuwa wameona lazima kuyaacha masahihisho hayo ya mdomo. Waligeuza hata majina: afundishaye ndiye mnoaji, na atazamaye ndiye anolewaye. Baada ya somo mtazamaji hushukuru, hutaja alilojifunza, na mazungumzo huishia hapo. Kazi kubwa ya wawili hao ni kupanga masomo pamoja.

Huenda mtu akauliza, kosa litasahihishwa na nani? Litasahihishwa na mwenye kosa, pindi amwonapo mwenziwe akifanya vizuri zaidi. Historia hii yafunza kuwa kubadili mtu akaaye kitini ni rahisi kuliko kubadili desturi ya kiti. Ilichukua miaka zaidi ya thelathini kutambua kuwa mtu aweza kuwa sawa nawe kwa cheo, akakuhukumu kwa ulimi. Na palipo na hukumu, mwanafunzi hujifunza kuficha udhaifu wake kabla ya kujifunza kuuponya.