Kasapa: masomo, boloko na mfereji

Mu taksi, ukisema «Naenda ku Kasapa», mwenzako anaweza kukuuliza: «Ku masomo ao ku boloko?» Tunacheka, lakini ndani ya swali hilo kuna historia. Jina moja linataja Chuo Kikuu na gereza kuu la Lubumbashi. Kitu cha tatu hatukitaji sana, nacho ni maji. Sisi tunaona kwamba vyote vitatu vinafuata desturi moja: kile ambacho muji hautaki kukaa nacho katikati, unakipeleka pembeni.

Desturi hiyo ni ya zamani. Reli kutoka Rhodesia ilifika Elisabethville mwezi wa Septemba 1910. Mwaka 1911 Union Minière iliyeyusha shaba ya kwanza karibu na mto Lubumbashi, ule ambao jina lake lilipewa muji mwaka 1966. Wazungu walikaa katikati. Wafanyakazi weusi waliwekwa upande wao, na kati yao paliachwa uwanja mtupu. Kuanzia 1921 cité yao ilihamishiwa pale tunapoita Kamalondo. Bazee walijua cheo cha mutu kwa kuuliza anakaa wapi.

Chuo Kikuu kilifungua milango mwaka 1956. Baadaye watoto wa kila jimbo walikuja kusoma ku Kasapa, na wengi walitoka huko na diploma iliyobadilisha maisha ya jamaa zao. Lakini usiku wa tarehe 11 kwenda 12 Mei 1990 wanafunzi walishambuliwa ndani ya vyumba vyao. Hesabu ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Ubelgiji ilisimamisha ushirikiano wake na serikali ya Mobutu.

Gereza nalo lina kurasa zake nzito. Septemba 2011 watu wenye silaha walilivamia mchana, na wafungwa karibu 1.000 wakatoroka. Septemba 2020 paliwaka moto na fujo, na kwa siku kadhaa wafungwa wanawake walibakwa na wafungwa wenzao. Mambo hayo yalisikika mpaka ng'ambo, na jina la mtaa likachafuka pamoja nayo.

Lakini Kasapa si chuo na gereza peke yake. Ni mtaa wa jamaa ndani ya komini Annexe. Watu walinunua viwanja, wakachimba udongo wa vichuguu, wakachoma matofali, wakajenga. Kila bati na kila ua wa simenti unazuia maji kuingia chini. Mvua zetu zinaanza karibu na Novemba na kuendelea mpaka Aprili. Maji yakikosa kanivo, yanachukua barabara. Kanivo ikijaa takataka na mchanga, mvua moja tu inatosha kuingiza maji mu nyumba.

Mwezi wa Novemba 2025 kilichokuja hakikuwa mvua tu. Maji machafu yalimwagika kutoka bwawa la kiwanda kinachotumia asidi kutoa shaba na kobalti ndani ya mawe, yakaingia mu mitaa, Kasapa ikiwa kati ya iliyoguswa. Waziri wa Madini alisimamisha kazi ya kiwanda hicho kwa miezi 3. Tujue hapa hatari iko wapi: jamaa nyingi za Lubumbashi zinakunywa maji ya kisima. Maji ya mfereji yanazama mu udongo, na kilicho mu udongo kinaweza kufika mu kisima. Barabara inakauka kwa siku mbili. Kisima hakisafishwi kwa jua.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. La kwanza, kabla ya kuuza kiwanja, mkubwa wa mtaa aulize bazee maji yalikuwa yanapita wapi, maana maji hayasahau njia yake. La pili, vijana wa Chuo Kikuu waandike habari hizo na kupima visima vya majirani zao. Wako pale pale. Hawahitaji hata taksi. Mulango wa chuo na mulango wa boloko vina walinzi. Mfereji hauna mulinzi, na njo huo unaopita mbele ya nyumba zetu.