Kitovu cha Gurudumu la Nyuma

Msomaji, historia haikai katika majumba ya wafalme na viwanja vya vita peke yake. Yakaa pia katika vyombo vidogo tunavyovitumia kila siku bila ya kuvitazama. Hebu na tukitazame kimoja: kitovu cha gurudumu la nyuma la baiskeli, ambacho mafundi wetu hukiita habu. Ndani yake mna ekseli, koni mbili, goroli 18 na grisi kidogo, basi. Lakini ili ujue thamani yake, yakupasa ukumbuke kwanza jinsi mizigo ilivyosafirishwa kabla hakijafika kwetu.

Chukua mfano wa Taveta, mji wa mpakani uliko mtaa wa Bomeni. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Mombasa kwenda Kilimanjaro ilivuka nyika kame, kisha ikapumzika Taveta, penye msitu, maji na ndizi tele. Joseph Thomson alipita hapo mwaka 1883. Vitambaa, shanga, nyaya na pembe za ndovu, vyote vilichukuliwa na wapagazi. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila 2, yaani kilo 32 hivi, nao ulimkalia kichwani au begani siku baada ya siku.

Vita Kuu ilipoanza, Wajerumani waliitwaa Taveta mwezi wa Agosti 1914, nao Waingereza hawakuirudisha mpaka Machi 1916. Reli ilijengwa kutoka Voi kuelekea huko, lakini pale reli ilipokoma, vichwa vya watu ndivyo vilivyoendelea kubeba unga na risasi. Wapagazi wa jeshi la Waingereza walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita ile, na waliouawa na maradhi, njaa na uchovu walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Jina la kikosi chao limebaki katika Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam.

Ajabu ni hii: wakati huo chombo cha kuupunguza mzigo wa kichwani kilikuwa kimekwisha buniwa, tena kwa akili za mataifa yale yale yaliyokuwa yakipigana. Mwaka 1880, mjini Manchester, Hans Renold alitengeneza mnyororo wenye vigurudumu vidogo. Mwaka 1883, mjini Schweinfurt katika Ujerumani, Friedrich Fischer alibuni mashine ya kusaga goroli za chuma zikawa mviringo kamili, zote za kipimo kimoja. Na mwaka 1885, mjini Coventry, John Kemp Starley alitoa baiskeli iliyoitwa Rover, yenye magurudumu yanayokaribiana kwa ukubwa, ambayo mnyororo wake ulivuta gurudumu la nyuma. Tangu siku hiyo kitovu cha nyuma kikawa na kazi mbili: kuchukua sehemu kubwa ya uzito, na kupokea nguvu zote za miguu.

Waweza kuuliza, goroli zafanya nini hasa? Sukuma sanduku zito sakafuni, utatoka jasho. Liweke juu ya magogo ya mviringo, nalo litakwenda. Chuma kikisuguana na chuma hula na kuliwa. Kikibingirika juu ya goroli, huenda kwa amani. Goroli 9 za kila upande zagawana mzigo, na kila moja hupokea zamu yake kwa wakati wake.

Maarifa hayakukomea hapo. Katika baiskeli za kwanza pedeli hazikutulia maadamu gurudumu lazunguka. Kisha ikaja friwili, yenye vidole vidogo vinavyoshika meno mtu anapokanyaga na kuyaachia anapopumzika. Mwaka 1903 kiwanda cha Ernst Sachs, huko huko Schweinfurt, kilitoa kitovu cha Torpedo chenye breki ndani yake. Karibu na miaka hiyo, mjini Nottingham, Sturmey-Archer walitoa kitovu chenye gia 3.

Hata hivyo, iliyoshinda katika njia zetu ni baiskeli nzito isiyo na gia, ile ambayo Wakenya huiita Black Mamba. Zilikuja kwanza za Uingereza, kisha za Hero kutoka Ludhiana katika India, kampuni iliyoanza mwaka 1956, na za Phoenix kutoka Shanghai. Zilishinda kwa kuwa kitovu chake chaweza kufunguliwa na fundi yeyote chini ya mti. Kwa kitovu hicho vijana wa Busia walianzisha kazi ya bodaboda katika miaka ya 1960. Na kwa kitovu hicho mikungu ya ndizi imefika sokoni Taveta bila ya kuvunja shingo ya mtu. Pikipiki zimetwaa abiria wengi katika karne hii, lakini baiskeli haidai petroli.

Haidai petroli, lakini yadai uangalizi. Basi, msomaji, ujifunze kukitunza kitovu mwenyewe nyumbani. Geuza baiskeli, legeza nati, utoe gurudumu. Upande usio na friwili, fungua nati ya kukazia, kisha koni, kwa spana nyembamba. Tandika kitambaa chini, uchomoe ekseli polepole, na uzihesabu goroli zitakazoanguka. Osha vyote kwa mafuta ya taa, uvikaushe. Itazame koni kwenye mwanga: ikiwa ina vishimo, inunue nyingine. Goroli zikichakaa, zibadili zote pamoja. Ukichanganya mpya na kuukuu, zile mpya zilizo kubwa kidogo zitabeba mzigo wote peke yake na kuharibika. Jaza grisi safi, panga goroli 9 kila upande, rudisha ekseli. Kaza koni mpaka gurudumu lisitikisike, wala lisiwe zito kuzunguka. Ndipo ukaze nati huku umeishikilia koni. Friwili usiipake grisi, kwa maana vidole vyake vitanata. Itie mafuta mepesi. Na mwenye kupandisha mizigo mlimani aweza kufunga friwili yenye meno mengi zaidi: mwendo utapungua, na miguu itashukuru.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Asiyenunua grisi kidogo leo, kesho atanunua kitovu kizima, na keshokutwa ndizi zake zitaoza njiani, au zitarudi juu ya kichwa cha mkewe au mwanawe. Wapagazi wa Taveta hawakuwa na hiari ya kuutua mzigo wao. Sisi twaweza kuutua juu ya goroli 18, nazo hazituombi ila usafi, mafuta, na saa moja ya kazi ya mikono yetu.