Nyumba za Karatasi na Vita vya Liuli Mezani

Mchezo wa vita wa mezani ulianza kama somo la maofisa wa jeshi. Mwaka 1812 Georg Leopold von Reisswitz alimwonyesha mfalme wa Prussia meza yenye vigae vya kupangwa vilivyochorwa vilima, mito na vijiji. Mwaka 1824 mwanawe alichapisha kanuni zilizotumia ramani badala ya vigae. Nyumba za karatasi zilitoka kwingine, kwa watoto: katika karne ya 19 Pellerin wa Épinal, Ufaransa, na J. F. Schreiber wa Esslingen, Ujerumani, waliuza karatasi zilizochapwa majengo ya kukata kwa mkasi na kubandika.

Mambo hayo mawili yalikutana katika Little Wars, kitabu cha H. G. Wells cha mwaka 1913. Wells na wenzake walikunja kuta za karatasi na kadibodi, wakazichora milango na madirisha, kisha wakazijaza matofali ya kuchezea. Ilibidi ziwe nzito, maana mizinga yao midogo ilirusha risasi za mti kwelikweli.

Mwaka uliofuata vita vya kweli vilifika Ziwa Nyasa. Agosti 1914 meli ya Waingereza Gwendolen, chini ya Kamanda Rhoades, iliifuma meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ikiwa juu ya chelezo kwa matengenezo, ikaifyatulia mizinga. Hapo palikuwa Sphinxhafen, yaani Liuli, leo katika wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga. Nahodha Berndt, rafiki wa Rhoades wa siku nyingi, hakuwa na habari kwamba vita vimetangazwa. Alitoka na mtumbwi kwenda kuhoji ufyatuaji ule, akatekwa. Mei 1915 Waingereza walirudi kuishambulia tena meli hiyo.

Kwa mwenye meza ndogo anayetaka kucheza vita hivyo, Liuli ni uwanja mwepesi kuliko miji ya Ulaya inayojaza vitabu vya mchezo huu. Kikwazo ni ziwa. Mizinga ililenga kutoka takriban meta 1,800, na kwa kipimo cha 1:300 hizo ni meta 6, kwa hiyo maji hupunguzwa bila huruma. Majengo hayasumbui. Boksi la sabuni au la biskuti hukatwa ukanda mmoja, hukunjwa mara nne na kuachiwa ulimi wa gundi. Mstari wa kukunjia hukwaruzwa kwanza kwa ncha butu ili kona isipasuke. Paa hukatwa peke yake, likazidi ukuta kidogo. Kibanda cha nyasi hutosheka na karatasi ya kaki iliyochanwa nyuzinyuzi ukingoni, na bati hupatikana kwa kubandua tabaka la juu la kadibodi ya mawimbi. Kuchora kila dirisha ni kazi ya bure: kwenye kipimo hicho mlango wa kawaida hauzidi milimita 7, na kanuni nyingi zinauliza tu kama nyumba inazuia macho na risasi.

Mwamba wa Liuli uliowapa Wajerumani jina la bandari, Sphinxhafen, hufinyangwa kwa magazeti yaliyolowekwa kwenye gundi ya unga.