Visubi wa kakao: tuwaachie makao

Mkulima wa vanila wa Beni au Mambasa anajua kazi ya kuunganisha maua kwa mkono, ua moja moja, asubuhi. Mdudu wa kazi hiyo alibaki Amerika, vanila ilikotoka. Kakao nayo ilitoka Amerika, lakini hapa kwetu imepata wafanyakazi: visubi, wadogo kuliko mbu, ambao wengi wetu hatujawahi kuwatazama.

Kisubi huingia katika ua dogo la kakao, lile linaloota kwenye shina lenyewe, akabeba chavua (unga wa ua) mpaka ua lingine. Ua lisilofikiwa huanguka kwa siku moja au mbili. Hata katika shamba zuri, yanayozaa ni machache sana.

Visubi huzaliana wapi? Katika takataka: majani yanayooza, vipande vya mgomba vilivyolowa, maganda ya kakao. Hapa ndipo shida yetu. Shamba tunalosifu ni lile lililofagiwa kama kiwanja cha kanisa. Tunafyeka, tunakusanya, tunachoma, kisha tunashangaa miti kuwa na maua mengi na matunda machache.

Baada ya kuvuna ndizi, tukate mgomba vipande na kuvitandaza chini ya mikakao, mahali penye kivuli. Maganda mazima yaachwe yaoze. Lakini matunda yaliyoshikwa na ugonjwa wa kuoza na kuwa meusi yatolewe na kuzikwa, maana yanaeneza ugonjwa. Miti ya kivuli isikatwe yote, kwani jua kali hukausha makao ya visubi. Kwa familia zinazofika shambani kwa shida kwa sababu ya usalama mdogo, sehemu kubwa ya haya ni kazi ya kupunguza, si ya kuongeza.

Mtu mmoja hataweza. Dawa anayopulizia jirani haijui mpaka, basi wenye mashamba yanayopakana wapatane: nani anapulizia, lini, na kama kweli inahitajika wakati wa maua.

Kahawa ya robusta nayo haizai kwa chavua ya mti wake yenyewe. Upepo husaidia, na nyuki pia, wengi wao wakitoka msituni. Amri ya serikali ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kupewa msitu wake wa desturi, hadi hekta 50,000. Vijiji vinavyofuata njia hiyo viandike katika mpango wao kwamba mti wenye nyuki haukatwi kwa ajili ya asali.