Mshahara wa Miezi Miwili

Kila mwaka kabla ya mvua, vijana wa kikundi chetu hapa Musaga huwapitia wazee ambao hawana mtu wa kupanda juu ya nyumba. Tunapigilia misumari, tunaziba matundu ya bati, tunashusha vitu vilivyowekwa kwenye mbao ili visilowe. Mwaka 2024 tulifika kwa bibi mmoja mkimbizi, mtu wa Bukavu, ambaye sisi watoto wa Kivu tunamwita Koko. Mumewe alifariki zamani.

Juu ya mbao za bati lake kulikuwa na mkeka wa wageni, sanduku la nguo, kopo refu la alumini linalofika kiunoni mwa mtu mzima, na mfuko mwembamba wa kitambaa uliofungwa kwa utepe. Vijana walifungua mfuko. Ndani vilikuwemo vijiti vinne vya rangi ya asali, vyembamba, vyenye pete ndogo za chuma na nyuzi nyekundu zilizofungwa kwa ustadi mkubwa. Mmoja akasema ni antena ya redio. Mwingine akasema ni fimbo za kufundishia watoto adabu, tukacheka.

Mimi nilijua kidogo tu kwamba ni ya kuvulia samaki, kwa sababu kimoja kilikuwa na mshikio wa gome laini, lile la kizibo cha chupa ya divai. Nikamwambia Koko: nakupa faranga 20,000. Leo naandika hiyo namba kwa haya. Sikuwa na nia mbaya, lakini nilifanya kama wote wanavyofanya wakiona kitu kwa mtu mzee: unataja bei ya chini kabla hajajua ana nini.

Koko hakukasirika. Aliuliza tu: "Mutoto wangu, mutu wa bustani hapa Buja banamulipa ngapi kwa mwezi?"

Vijana wakasema elfu sabini hivi, akipata mwenye huruma.

"Basi miezi mbili ni mia moja na makumi ine. Ile njo bei."

Kumbe mumewe alikuwa mtu wa bustani. Ujana wake alifanya kazi Bukavu, kwa mzungu mmoja wa mashamba ya kinini, ile miti ambayo gome lake linatoa dawa ya malaria. Jioni mzungu alikuwa anatoka na fimbo hiyo, anasimama katikati ya nyasi na kuurusha uzi mbele na nyuma, mbele na nyuma, bila ndoano na bila maji. "Alikuwa anavua samaki ku majani," Koko alisema, na hapo hata yeye alicheka. Ziwa Kivu liko hapo chini, lakini samaki wa kuvuliwa namna ile halina. Hata sambaza tunaowala siku hizi ni wageni pale: waliletwa kutoka ziwa letu la Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

Halafu ukaja mwaka 1967. Mwezi wa Agosti mamluki wa Jean Schramme, Mbelgiji aliyekuwa na shamba huko Kongo, waliingia Bukavu pamoja na askari wa Katanga, wakaushika mji hadi Novemba, jeshi la Mobutu lilipowatoa wakavuka kwenda Rwanda. Mji uliharibika sana. Yule mzungu wa kinini alikuwa amekwisha kuondoka. Alikuwa anadaiwa na mtu wake wa bustani mshahara wa miezi miwili, na siku ya kufunga mizigo pesa haikuwepo. Akampa fimbo pamoja na kopo lake. Alisema ina thamani kubwa, ataiuza.

Hakuiuza. Nani angeinunua Bukavu mwaka ule?

Nilirudi nyumbani na hilo swali. Nikapiga picha kila kipande, nikamtumia dada yangu, mtoto wa shangazi, anayeishi Nairobi. Yeye pia ni mkimbizi, na kazi yake huko inachekesha ukiisikia mara ya kwanza: anafunga nzi. Anachukua ndoano ndogo kama punje ya mchele, anaizungushia manyoya na uzi mpaka ifanane na mdudu anayeelea juu ya maji. Nzi wa bandia wanaofungwa kwa mikono Kenya wanauzwa Ulaya na Marekani, na wengi wanaowafunga hawajawahi kumuona mtu akiwatumia. Dada alijibu baada ya dakika tano, kwa sauti: "Yaya, usiuze! Ngoja nimuulize bosi."

Kuanzia hapo nilisoma usiku kwenye simu, megabaiti zikaisha, nikanunua nyingine. Niliyoyaokota ni haya.

Ule mwanzi si mwanzi mmoja. Ukitazama mwisho wa kijiti utaona pembe sita. Fundi anapasua mwanzi, anachonga vipande sita vyembamba kila kimoja kikiwa na umbo la pembetatu, halafu anavibandika kwa gundi, sehemu ngumu ya nje ikabaki nje. Nguvu ya mwanzi iko kwenye nyuzi zilizo karibu na ngozi yake. Ndani ni laini tu. Kwa hiyo fimbo ya namna hiyo ni kama ngozi tupu, mwili umetupwa. Huko Marekani mmoja wa watu wa kwanza kupasua na kubandika mwanzi namna hiyo alikuwa fundi bunduki, Samuel Phillippe wa Pennsylvania, katika miaka ya 1840. Baadaye Hiram Leonard wa Maine akaifanya kuwa biashara kubwa. Uingereza kulikuwa na Hardy, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1872 katika mji wa Alnwick, na fimbo zake za mwanzi ziliitwa Palakona. Kwenye fimbo ya Koko, juu ya mshikio, wino ulikuwa umefifia lakini herufi tano zilisomeka: PALAK.

Katika karne iliyopita mwanzi uliopendwa kuliko yote ulitoka China. Wafanyabiashara wanauita mwanzi wa Tonkin, jina la zamani la kaskazini ya Vietnam, lakini hautoki huko. Unaota kwenye vilima vya mto Sui, mkoa wa Guangdong. Mtaalamu wa mimea Mmarekani, Floyd McClure, aliyekuwa akifundisha chuo cha Lingnan huko Guangzhou, aliupa jina la kisayansi mwaka 1931, Arundinaria amabilis, maana yake mwanzi wa kupendeza. Nilifurahi kusoma hivyo. Sisi tuna mianzi Kibira na kule kwetu Itombwe, tunaijengea zizi na kufumia vikapu, wala sijasikia mtaalamu aliyeupa wetu jina zuri namna ile.

Mwaka 1950 vita vya Korea vilipopamba moto na China kuingia, Marekani ilifunga biashara na China. Mwanzi wa Tonkin haukuingia tena huko kwa kama miaka ishirini. Mafundi wachache walikuwa na akiba ghalani; wengine walifunga duka. Wakati huohuo zilikuja fimbo za nyuzi za kioo, nyepesi, rahisi, zinazotoka kiwandani kwa maelfu. Hapa ndipo nilipomwelewa vizuri yule mzungu wa Bukavu, nikamchukia kidogo. Mwaka 1967 fimbo ya mwanzi ilikuwa kitu cha wazee. Aliyetaka mpya alinunua ya kioo. Inawezekana kabisa aliamini maneno yake kwamba ina thamani kubwa, lakini alilipa deni kwa kitu ambacho hata kwao bei yake ilikuwa inashuka, akampa mtu asiye na soko lolote la kukiuza. Ilibidi miaka mingi ipite, watu wenye pesa waanze kupenda tena vitu vya zamani vilivyofanywa kwa mikono, ndipo bei ikapanda. Na ilipopanda ilikuwa juu ya mbao za bati Musaga, na mwenyewe yuko kaburini.

Swali lingine lilikuwa fimbo ya Alnwick ilifikaje huku. Dada alidhani kwamba ilipitia Kenya, nami naona ana haki. Samaki anayevuliwa hivyo hasa ni trauti, anayependa maji ya baridi, na Afrika ya Mashariki hakuwepo. Mwaka 1905 Ewart Grogan, mlowezi aliyekuwa amejulikana kwa safari yake ya 1898 hadi 1900 kutoka kusini hadi kaskazini ya Afrika, akipita kandokando ya Tanganyika na Kivu, alileta trauti wa ziwa Leven la Scotland na kuwatia mto Gura, unaoshuka kutoka milima ya Nyandarua. Walizaana. Wazungu wa Nyeri wakapata mchezo wao wa nyumbani, na wenyeji wakakuta mito yao ina samaki wa kukatiwa leseni. Kwa mlowezi wa Kivu, Kenya haikuwa mbali kwa likizo.

Bosi wa dada alikuwa na mteja, mzee wa Nairobi anayekwenda kuvua huko Nyeri. Maswali yake yalinionyesha jinsi biashara hii ilivyo kali. Je, vijiti vinaunganika bila kulegea? Je, ukiangalia kwa jicho moja kutoka mwanzo hadi mwisho, fimbo imenyooka au imepinda? Fimbo nzuri huwa na ncha mbili: zote zina urefu sawa? Ya kwetu ncha moja ilikuwa fupi kwa vidole vitatu, na kipande cha kati kimepinda kidogo. Kila nilipojibu ukweli, niliona bei inapungua. Swali la mwisho: kopo lake lipo?

Lilikuwepo. Mzee akatoa bei mbili. Fimbo peke yake shilingi 9,000 za Kenya. Fimbo na kopo, 13,000.

Hesabu niliyofanya usiku ule siwezi kuificha, maana tumekubaliana kwamba katika kijitabu hiki hatuandiki uongo. Shilingi 9,000 kwa bei ya mtaani zilikuwa kama faranga 390,000. Koko aliomba 140,000, na angepokea 140,000 kwa shukrani. Zingebaki 250,000. Mipira, nauli za vijana, pengine na kodi yangu ya mwezi. Hakuna ambaye angejua.

Kilichonizuia si wema. Nilikumbuka cherehani ya mama. Tulipotoka Uvira, jirani aliinunua kwa pesa ambayo haikutosha kutufikisha Gatumba na kula. Hakuiba, alitaja bei, mama akakubali, kwa sababu lori lilikuwa linaondoka. Na mwaka 2015 hapahapa Musaga niliona wenyeji wa nchi nao wakiuza vitanda, friji na milango kwa bei ya nyanya, wakikimbilia Tanzania na Rwanda, na baadhi ya walionunua walikuwa sisi wakimbizi. Kitanda ninacholalia kimetoka kwenye siku zile. Sijui mwenyewe yuko wapi.

Asubuhi nilikwenda nikamwambia Koko bei zote mbili. Alinyamaza sana. Halafu akauliza: "Anatafuta kopo ya nini? Atakula kopo?" Nikaeleza kwamba wapenda fimbo wanataka vitu vyote vya asili pamoja. Akaagiza kopo lishushwe, akalifungua mbele yangu. Ndani kulikuwa na karatasi zilizoviringishwa: cheti cha ndoa cha Bukavu, vyeti vya ubatizo vya watoto watano ambao wawili wako hai, karatasi ya ukimbizi ya familia, na picha moja ya mumewe amesimama kwenye nyasi. Alilivusha kopo hilo mpakani mgongoni, limefungwa pamoja na mtoto. Mvua ilinyesha njia nzima, na karatasi hazikulowa.

"Fimbo uzisha," akasema. "Hii hapana."

Nilijaribu. Nilimwambia tutanunua sanduku la bati lenye kufuli, na faranga karibu 170,000 ni nyingi. Akanitazama mpaka nikanyamaza.

Tulinunua kipande cha bomba la maji la plastiki kwenye duka la vifaa vya ujenzi, tukakikata kwa msumeno, tukafunga fimbo kwa kitenge na kuitia humo. Kwa kuwa mpaka wa Rwanda ulikuwa umefungwa tangu Januari, bomba lilipita Kobero na Tanzania, mikononi mwa mama mmoja mfanyabiashara, ambaye alilipwa 30,000. Zikachukua siku tisa. Mzee wa Nairobi alipima, akalalamika juu ya kipande cha kati, akataka kupunguza shilingi elfu moja. Dada akakataa, akashinda.

Koko alihesabu noti mara mbili. Alitenga 140,000 upande mmoja, akazifunga kwenye kona ya kitenge: hizo za mumewe. Kwenye zilizobaki alitoa 50,000 za kikundi, na vijana walinung'unika kwamba ni kidogo, mpaka leo wananung'unika. Kopo lilirudi juu ya mbao. Februari 2025, watu walipovuka tena kwa maelfu kutoka Kivu, mpwa wake alifika na watoto watatu na karatasi zilizolowa. Tulizianika sakafuni siku mbili, tukiweka mawe pembeni zisipeperuke, kisha Koko akaziviringisha pamoja na zake.