Mapinduzi: kutoka Paris hadi Mazinde

Mwaka 1789 watu wa Paris waliivamia ngome ya Bastille, nasi tunasema walifanya mapinduzi. Novemba 1799 Jenerali Napoleon Bonaparte alitumia askari kuwatimua wabunge, akakalia madaraka, na hapo pia tunasema alifanya mapinduzi. Mwanafunzi anayesoma kwamba mapinduzi yalimalizwa na mapinduzi ana haki ya kuchanganyikiwa.

Kitenzi chenyewe, kupindua, ni cha kugeuza kitu chini juu. Mashua ikipinduliwa na wimbi, kilichokuwa ndani humwagika chote. Ndiyo maana neno liliwafaa Wazanzibari Januari 12, 1964: kilichoondoka si Sultani peke yake, bali usultani, na mashamba yakagawiwa upya. Magazeti nayo huandika mapinduzi jenerali anapomwondoa rais na kukaa ofisini mwake. Hapo mashua haijapinduka, amebadilishwa nahodha tu.

Kwa msomaji wa Handeni na Korogwe, tofauti hii inaonekana vizuri zaidi katika habari za Wakilindi, ukoo uliowatawala Wasambaa, kuliko katika kitabu chochote cha historia ya Ulaya. Mbegha, mwanzilishi wao, alitoka milima ya Nguu, upande uliokuwa Handeni kabla Wilaya ya Kilindi haijamegwa mwaka 2002. Masimulizi yanasema alikuwa mwindaji wa nguruwe, aliyekataliwa na ndugu zake kwa kuwa alikuwa kigego: meno ya juu yalimtangulia kuota. Wasambaa walimpokea, wakamfanya mfalme huko Vuga. Kitukuu wake, Kimweri ya Nyumbai, alitawala hadi mwaka 1862, huku wanawe wakiwa machifu kila upande, hadi nchi ya Bonde.

Kimweri alipofariki kiti kilikwenda kwa mjukuu wake, Shekulwavu. Ami yake, Semboja, hakuridhika. Semboja alikaa Mazinde, chini ya mlima, katika Korogwe ya leo, kwenye njia ya misafara ya bonde la Pangani. Huko bunduki na baruti zilipita mlangoni pake, na Wazigua wenye silaha walikuwa majirani zake. Vuga ilikuwa juu, kwenye heshima na matambiko. Mazinde ilikuwa na biashara. Naamini hapa ndipo penye kiini cha habari yote: ushuru uliokuwa ukipanda mlimani ulianza kubaki bondeni. Mwishoni mwa miaka ya 1860 Semboja alimfukuza Shekulwavu, akamweka mwanawe Kimweri Maguvu kwenye kiti, yeye mwenyewe akabaki Mazinde.

Hilo niliite nini? Ni unyakuzi wa madaraka. Mkilindi amemtoa Mkilindi, na kiti ni kilekile.

Wakati huohuo Wabondei, watu wa Bonde, walianzisha harakati iliyoitwa Kiva. Hawakusema Shekulwavu ni bora au Semboja ni bora. Walisema Wakilindi basi. Wengine waliuawa, wengine wakafukuzwa, wengine wakauzwa utumwani, na baada ya hapo Bonde halikutafuta mfalme mwingine. Damu ilimwagika nyingi, na sioni sababu ya kuipamba. Lakini kwa maana kamili ya kupindua, hayo ndiyo mapinduzi. Wafaransa walifika hapo Septemba 1792 walipoufuta ufalme wenyewe, kisha Januari 1793 wakamkata kichwa Louis XVI.

Kuna neno la tatu, uasi, ambalo watawala hulipenda. Uasi ni kukataa kutii, na humpima mtu kwa macho ya aliye juu. Habari za Kiva nyingi tumezipata kwa Abdallah bin Hemedi, aliyeandika Habari za Wakilindi akiwajua watawala hao kwa karibu. Msomaji akumbuke nani anasimulia kabla ya kukubali kwamba Wabondei walikuwa waasi tu.

Kwa hiyo katika vitabu vyetu ningeacha Mapinduzi ya Ufaransa kwa mwaka 1789 na miaka iliyofuata, na tukio la 1799 niliite Unyakuzi wa Bonaparte. Jina la mapinduzi ya kijeshi limeshazoeleka, wala halina ubaya mkubwa mahali pengine, ila sura moja ya kitabu ikibeba matukio yote mawili, linampotosha msomaji.

Linabaki suala la mwaka 1804. Vitabu vingine husema Napoleon alijifanya mfalme. Yeye alilikwepa neno hilo kwa makusudi, maana lilikuwa la Louis, akajiita mtawala mkuu wa Wafaransa kwa cheo cha Kirumi. Kiswahili kina neno Kaisari, linalofahamika na kila asomaye Injili. Kaisari Napoleon, basi, na nchi yake iitwe himaya.