Kamera iliyorudishwa kabla ya kufika Karagwe

Nimerudi mjini kutoka nyumbani Kihanga, Karagwe, na leo naomba tuiweke siasa pembeni tuzungumze habari za kamera. Wanaonifahamu wanaujua ugonjwa wangu huu. Kazini kinachonilisha ni kalamu, kamera ni mapenzi tu.

Safari hii nilikwenda na mzigo. Nilimwazima rafiki yangu kamera kubwa ya kitaalamu, lenzi tatu na stendi ya miguu mitatu. Nia yangu ilikuwa moja: kumpiga babu picha akiwa shambani kwake. Bibi alifariki akatuachia picha moja tu, ile ndogo ya kitambulisho. Sikutaka tukose na ya babu.

Siku ya kwanza ilinyesha kutwa. Ya pili niliogopa kupanda bodaboda na mali ya watu mgongoni. Ya tatu babu aliamka alfajiri akaingia kwenye migomba, mimi bado nachagua lenzi ya kufunga. Nilipomfikia alikuwa amemaliza kazi, amekaa anapumzika. Akanitazama, akasema, "Mjukuu wangu, hilo dude unalituma wewe au lenyewe ndilo linakutuma?" Sikuwa na jibu. Picha pekee ya maana niliyorudi nayo niliipiga kwa simu.

Usiku ule nikakumbuka kisa cha zamani kinachotuhusu sisi watu wa Karagwe.

Mwaka 1860 maofisa wawili wa jeshi la Waingereza kule India, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Zanzibar wakiwa njiani kutafuta chanzo cha Mto Nile. Walikuwa na kamera, na mpigapicha alikuwa Grant. Pale Zanzibar aliitumia vizuri, na picha zake za mwaka huo ni kati ya picha za zamani kabisa za mji ule. Lakini baada ya kuingia bara, vifaa vilirudishwa. Speke mwenyewe anaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1863 kwamba kazi ile ilikuwa nzito mno kwa hali ya hewa ya huku. Grant akashika brashi na rangi za maji.

Hebu tumwonee huruma kidogo. Siku hizo wapigapicha wengi walitumia vioo. Unapaka kioo dawa, unakitumbukiza kwenye maji yenye chumvi ya fedha, unapiga picha kikiwa bado kibichi, kisha unakimbilia kwenye hema la giza kukisafisha kabla hakijakauka. Dakika 10 hivi tu. Dawa yenyewe ilikuwa na etha, ambayo huchemka kwenye nyuzijoto 35. Sasa fikiria uko ndani ya hema lililofungwa kila upande, jua la Tanganyika liko juu yako, na vioo vyote hivyo vinabebwa na wapagazi!

Basi, Novemba 1861 wakafika Karagwe, kwa Omukama Rumanyika, ambaye ikulu yake ilikuwa Bweranyange. Akawapokea kwa ukarimu. Januari 1862 Speke akaendelea na safari kwenda Buganda. Grant alikuwa na kidonda kibaya mguuni, akabaki Karagwe mpaka Aprili. Unaona jambo lenyewe? Mpigapicha alikaa kwetu karibu miezi mitano, lakini kamera haipo!

Ndiyo maana Karagwe ya safari ile tunaiona kwa michoro. Grant alichora, na nyingine mafundi wa Uingereza wakazichora upya na kuzichonga kwa ajili ya kitabu. Michoro ni mizuri, tunashukuru. Lakini mtu akikuchora, sehemu ya sura yako inatoka kichwani mwake.

Simlaumu Grant. Kamera yake haikuwa mbaya, ila ilikuwa kamera ya Zanzibar na si ya safari ya miguu. Mwaka 1888 George Eastman wa Marekani alipotoa Kodak yake, sanduku dogo lenye mkanda wa picha 100, alichowauzia watu hasa ni wepesi.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kununua kamera, usianze kwa kuuliza ina megapikseli ngapi. Jiuulize utaipeleka wapi na utafikaje. Kwa kijijini kwetu, kamera ndogo iliyotumika na lenzi moja ya milimita 50 inayofunguka hadi f/1.8 inatosha, maana chini ya migomba kuna giza. Beba betri mbili na mfuko wa nailoni wa kuzuia mvua. Piga kabla ya saa 4 asubuhi au baada ya saa 10 jioni. Usimsimamishe mtu mweusi mbele ya mbingu nyeupe ukaiachia kamera iamue yenyewe, uso utageuka kivuli. Na picha ukishaipata, isafishishe kwenye karatasi. Simu huibiwa.

Lile dude nimeshalirudisha kwa mwenyewe, na nimejinunulia kamera ndogo ya mtumba inayoingia mfukoni mwa koti. Mwezi ujao narudi Kihanga. Safari hii nitaamka kabla ya babu.